Kioo cha Mwisho cha Orrin Pruitt

Zamani picha moja ya mlima ilidai nyumbu wanne, wiki mbili za kupanda na kifua cha mtu, na leo watalii wanabonyeza kijisanduku cha picha bila hata kushuka kwenye gari la farasi, kisha wanauliza chakula kiko wapi.

Marehemu Orrin Pruitt alizaliwa tarehe 11 Oktoba 1831 karibu na Rutland, Vermont, mtoto wa nne wa mchonga mawe. Alisoma shule majira manne tu ya baridi. Mengine yote, pamoja na elimu ya dawa za picha, alijifunza mwenyewe katika vitabu vya kuazima.

Alifika California mwaka 1853. Dhahabu hakuiona. Alifungua chumba cha picha Mariposa, akachoshwa na nyuso zilizonuna, akageukia milima. Kazi hiyo vijana hawaijui: kioo kikubwa kama trei kilipakwa dawa ndani ya hema jeusi, kikapigiwa picha na kuoshwa kabla dawa haijakauka. Ukichelewa dakika kumi, umepanda bure. Mimi, shemeji yake, nilimwongozea nyumbu miaka ishirini na miwili, na sikuwahi kuona vidole vyake vikiwa vyeupe, kwa weusi wa dawa.

Alimwoa dada yangu, Lavinia Tuttle, tarehe 4 Mei 1865. Mwaka uliofuata alizaliwa Asa, mtoto wao wa kwanza. Juni 1867 Lavinia alitusindikiza hadi shamba la mwisho chini ya milima, na hapo Orrin akampiga picha amempakata Asa. Kioo hicho tulikifungasha kando na vingine.

Siku ya tisa nyumbu wetu aitwaye Shemasi aliteleza korongoni na sanduku zima la vioo.

“Shemasi kaanguka na sadaka zote,” Orrin alisema.

Alasiri hiyo tukafika kwenye maporomoko tuliyoyatafuta miaka miwili. Kilibaki kioo kimoja, cha Lavinia na Asa.

“Shemeji, hicho usikiguse,” nilimwambia.

“Hao wapo nyumbani, nitawapiga picha tena. Maji haya nitayarudia lini?”

Akakikwangua, akakipaka dawa upya, akayapiga picha maporomoko.

Picha ile ilimpa medali San Francisco. Asa alikufa kwa dondakoo Novemba mwaka huo huo, kabla hajapigwa picha tena. Lavinia alisema mara moja tu, mbele yangu: “Bwana Pruitt, umemkwangua mwanangu.” Hadi alipofariki mwaka 1899, picha ya maporomoko yale haikutundikwa nyumbani kwao.

Visanduku vilipokuja, wateja walimkimbia. Vioo vyake mia nne vilichukuliwa na mkulima wa maua, akajengea nyumba ya miche, na jua likaifuta milima yote. Kimoja tu, cha maporomoko, Orrin alikataa kukitoa.

Dawa zilimla mapafu. Alianza kukohoa damu mwaka 1904, akafariki nyumbani kwake Mariposa asubuhi ya tarehe 3 Machi 1908, akiwa na miaka 76. Ameacha binti yake Thirza, mwanawe Wendell, wajukuu watano, na mimi. Mungu ampe pumziko ambalo milima haikumpa.

Jumapili iliyotangulia kifo chake nilimkuta dirishani, amekiinua kioo kile kwenye mwanga. Kioo kikikwanguliwa vibaya, picha ya kwanza hubaki kama kivuli chini ya ile mpya.

“Shemeji, macho yako bado mazima. Hapo maji yanapoangukia, huoni kichwa cha mtoto?”

Nilitazama kwa muda mrefu.

“Naona maji tu.”

“Nilikwangua vizuri mno,” alisema, akakigeuza upande wa pili, akaendelea kutafuta.