Dada Mkuu Kajiuzulu

Benchi letu hapa Rujewa liko ubavuni mwa mashine ya kukoboa mpunga, kwa hiyo kahawa yangu hunywewa pamoja na pumba bila nyongeza ya bei. Wateja wangu wa kudumu ni watatu. Jailos tunamwita Mheshimiwa. Kagombea udiwani mara tatu, na waliompigia kura anawakumbuka kwa majina. Lusekelo ni Profesa, fundi simu asiyekubali kushindwa. Wa tatu, Makoye, leo kaja na balaa: binti yake Mbuke, dada mkuu wa shule ya msingi, karudisha beji. Mwalimu anapita asubuhi hii kusikia kauli ya mzazi, kabla beji haijapewa mwingine.

— Kajiuzulu? Mheshimiwa akatua kikombe. Nani kamshinikiza?

— Hakuna. Kaandika barua mwenyewe, Makoye akasema. Eti aliwaahidi wenzake jambo, halikufanyika, kaona aibu.

— Aibu! Na miaka kumi na mbili! Kwenu kuna mwingine mwenye tatizo hilo?

— Labda upande wa mama yake.

— Baba Mbuke, uongozi unaanza darasa la kwanza. Mtoto akiulizwa, ajibu: "Tunalifanyia kazi."

— Akiulizwa tena?

— "Mchakato unaendelea." Akifika la saba anajua "changamoto". Huyo mpe mkoa.

Profesa akatikisa kichwa.

— Maneno hayatoshi. Tatizo la Mbuke ni mwendo. Nimemwona anafika kufagia kabla ya kengele. Kiongozi gani anawahi? Wenzake wasimame juani kwanza, ndiyo watamheshimu.

— Sasa afike saa ngapi? Makoye akauliza, na wala hakuwa anatania.

— Saa nne. Baiskeli mbili mbele, mbili nyuma, zote zinapiga kengele.

— Profesa, kutoka kwangu mpaka shule ni hatua mia mbili!

— Azungukie Igawa.

— Na kila Ijumaa azindue kitu, Mheshimiwa akadakia. Hata boksi la chaki. Akate utepe, apigiwe makofi.

— Nyie mnacheka, mimi silali. Tangu tuhame Shinyanga na ng'ombe wetu, kwenye ukoo mzima hajatoka kiongozi hata wa nyumba kumi. Ni huyu tu. Akiachia, basi tena.

Nikamwonea huruma, nikamwongeza kahawa. Hapo Mwalimu Devotha akatokea.

— Shikamooni, wazazi.

— Marahaba, mwalimu! Mheshimiwa akawahi. Tumeshakaa kikao. Mtoto anarudi, ila tunaomba baiskeli nne.

Mwalimu hakucheka.

— Baba Mbuke, kakwambia aliahidi nini?

— Hapana, mwalimu.

— Kwenye mkutano wa wazazi mlinyoosha mikono wote kwamba Jumamosi mtakuja kuchimba shimo la choo cha wasichana. Akawatangazia wenzake mstarini: baba zetu wanakuja. Siku hiyo kakaa pale na sululu tangu asubuhi mpaka saa kumi, peke yake. Nimembembeleza arudi. Anataka kwanza nimpelekee jibu lenu.

— Jibu gani?

— Mlikuwa wapi?

Profesa akafungua simu ya mtu, akaanza kuikagua. Mheshimiwa akakohoa. Makoye aliniangalia mimi, nikainamia birika. Jumamosi tulikuwa hapa hapa, wote wanne, mpaka kahawa ikaisha.