Sifael Elimringi Nkya (1969–2025): Aliyejifunza Kuandika Ukubwani

Marehemu Sifael Elimringi Nkya alizaliwa tarehe 9 Agosti 1969 huko Nronga, Machame, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Elimringi na Mama Aikaeli, wazazi ambao wote wawili wamemtangulia. Alizaliwa nyumbani, kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo, kukiwa na baridi kali, na mama yake alikuwa akisema mtoto huyo alilia mpaka majirani wakaja kuuliza kulikoni. Alibatizwa Krismasi ya mwaka huohuo.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, kisha sekondari huko Old Moshi, akamaliza kidato cha nne mwaka 1987. Insha zake zilikuwa ndefu na zenye maneno makubwa. Mwalimu wake mmoja aliandika chini ya insha kwa wino mwekundu: "Umepamba sana, sijaona kitu." Sifael aliwasimulia watu jambo hilo kama kichekesho kwa miaka mingi. Maana yake ilimfikia ukubwani, tena kwa uchungu.

Mwaka 1990 alianza kupanda mlima kama mpagazi, na mwaka 1999 akawa kiongozi wa wageni. Kazi ilimkubali. Alikuwa na kifua na magoti, na zaidi ya yote alikuwa na mdomo. Mgeni aliyekata tamaa njiani alitiwa moyo kwa hadithi mpaka akajikuta kileleni, na kama nusu ya hadithi hizo hazikuwa za kweli, hakuna aliyeumia.

Jumamosi ya tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na Elizabeth, binti wa Old Moshi. Watani wa Machame walimwonya kwamba ameoa mwanamke asiyebembelezeka kwa maneno, na hawakukosea. Mungu aliwajalia watoto wawili, Loveness na Sylvanus. Elizabeth alifuga ng'ombe, Sifael alipanda mlima, na nyumba ikasimama.

Mwaka 2016 Loveness alimnunulia baba yake simu nzuri na kumfungulia ukurasa mtandaoni. Sifael akaanza kuandika. Aliandika juu ya mlima, mawingu na machweo, na kila sentensi aliifunga kwa alama tatu za mshangao. Watu wakampenda. Kila asubuhi kabla ya chai alitazama ni wangapi wamesoma, na siku wakiwa wachache nyumba nzima ilijua kwa uso wake.

Februari 2017 kijana wa jirani yake, Godwin, mtoto wa kiume wa pekee wa Mama Rachel, alifariki mlimani akiwa mpagazi katika msafara alioongoza Sifael. Wiki hiyohiyo ya msiba Sifael aliandika. Aliandika kwamba Godwin alikufa akitazama jua likichomoza, akitabasamu, na kwamba maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Mwambieni mama nampenda." Habari ile ilisambaa mno. Akina mama wa kwaya walimsomea Mama Rachel, naye akawaomba wairudie mpaka akaishika kwa moyo. Kwa miezi mitatu maneno yale ndiyo yaliyomlaza na kumwamsha.

Kisha Calvin, mpagazi mwenzake Godwin katika msafara ule, akaenda kumpa pole Mama Rachel, naye katika mazungumzo akasema alivyoona. Hapakuwa na jua, kulikuwa na ukungu. Godwin alizimia ndani ya hema la jikoni na hakusema neno kwa mtu yeyote. Mama Rachel alimsikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango. Alimpoteza mwanawe mara ya pili, na safari hii aliyemchukua alikuwa Sifael.

Kwetu aliyemkosea mwenzake huchukua jani la sale, akalipeleka kwa mkono, ama akamtuma mzee anayeheshimika. Likishapokelewa, kosa limekwisha. Sifael alikata sale kihambani kwake, akalipiga picha, akaiweka mtandaoni na maneno marefu ya kuomba msamaha. Watu mia kadhaa walimpongeza kwa unyenyekevu wake. Mama Rachel hakuwa na simu ya namna hiyo. Alisikia sokoni, mbele za watu.

"Sale la kwenye simu!" alisema. "Basi waliolipokea ndio wamsamehe."

Sifael alimwendea Mzee Efraimu, mmoja wa wazee wanaoheshimika kijijini, amsaidie kupeleka sale la kweli. Mzee alikataa. "Ulishalipeleka kwa dunia nzima, mwanangu. Mimi nimpelekee nini?" Kuanzia siku ile Mama Rachel hakukanyaga tena nyumbani kwa Sifael, wala hakuitikia shikamoo yake. Hilo lilimkaa moyoni kuliko yote, maana alikuwa mtu aliyezoea kupendwa.

Alifuta habari zote mbili. Magoti nayo yakamshinda, akaacha mlima. Wengi walidhani ataacha na kuandika. Badala yake alianza upya, kama mtoto wa darasa la kwanza. Loveness alimpunguzia alama za mshangao. Kazi ngumu aliifanya Elizabeth. Kila Sifael alipoandika kitu, ilikuwa lazima amsomee mkewe kwa sauti wakati yeye anakata migomba ya ng'ombe, na Elizabeth, bila kuinua kichwa, alikuwa na swali lake moja.

"Ulikuwepo?"

Kama hakuwepo, sentensi ilikatwa. Wakati mwingine alisema, "Hapo nimesinzia," na aya nzima ikaenda. Sifael alinuna, akabisha, akatoka nje, akarudi. Akajifunza kulaza andiko mpaka kesho yake kabla ya kulitoa. Aliandika namna ya kumenya kahawa, ng'ombe anavyokataa majani ya jana, baridi inavyoingia kupitia soli ya kiatu. Wasomaji walipungua sana. Ilimuuma, tusiseme haikumuuma. Ila waliobaki walimwandikia kwamba wamekumbuka nyumbani.

Kitu kimoja hakikukubali kuandikika. Kila mwaka alijaribu kuandika kifo cha Godwin kama kilivyokuwa, na kila mwaka alifuta. Alimwambia Elizabeth kwamba akifa kabla ya kuirudishia habari hiyo ukweli wake, atakuwa amekufa mwongo.

Agosti 2023 sauti yake ilianza kukwaruza. Hospitalini wakakuta saratani ya koo, na upasuaji wa Machi 2024 ukaiondoa sauti kabisa. Nyumba yake ikawa kimya, na kimya kile kilitutisha. Sasa aliandika, na Elizabeth ndiye aliyesoma kwa sauti, naye Sifael akawa msikilizaji wa maneno yake mwenyewe. Ndivyo habari ya Godwin ilivyoandikika hatimaye. Alipokuwa hawezi tena kujisikia akiongea, aliona panapodanganya.

Baada ya Pasaka mwaka huu walikwenda wote wawili kwa Mama Rachel. Hawakubeba sale. Sifael hakuweza kuamkia, akainamisha kichwa mlangoni. Mama Rachel alimtazama alivyokonda, akawaonyesha benchi. Elizabeth akasoma. Ilikuwa fupi. Godwin alibeba hema la jikoni. Ukungu ulikuwa mzito. Alikuwa akimenya viazi aliposema kichwa kinamuuma, akajilaza. Walipomwita hakuitika. Walimteremsha usiku wakibadilishana mabega, na alikata roho kabla hawajafika chini. Tangu alipojilaza hakusema neno kwa mtu.

Mama Rachel akauliza, "Viazi alimaliza?"

Sifael akatikisa kichwa. Hakumaliza.

"Hata hapa nyumbani hakuwahi kumaliza," akasema, na akaanza kulia. Alilia sana, mkono wake ukiwa juu ya goti la Elizabeth. Aliponyamaza alisema, "Sasa naweza kumlilia mwanangu mwenyewe. Ila hii usiiweke kwenye simu." Sifael akaweka mkono kifuani kukubali. Hilo ndilo andiko bora aliloliandika maishani mwake, na lenyewe halitasomwa na mtu mwingine; haya machache ametusimulia Elizabeth, kwa ruhusa ya Mama Rachel.

Marehemu alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 3 Juni 2025, asubuhi. Elizabeth alikuwa jikoni akipasha mtori, na hakuna aliyekuwa chumbani. Hakuacha neno la mwisho. Wapo waliotushauri tuandike kwamba alikwenda akitabasamu. Hatukuwepo.

Anazikwa leo, Jumamosi tarehe 7 Juni 2025, kihambani kwake. Ameacha mjane, Elizabeth, watoto wawili, Loveness na Sylvanus, mjukuu mmoja, ndugu watano, na Mama Rachel, ambaye asubuhi ya leo alikuja akaomba jina lake liandikwe miongoni mwa wafiwa. Hakusema kwa nini, nasi hatukumuuliza.

Pumzika kwa amani, Sifael.