Neno Alilolikosoa Mwalimu Arnold

Kijiwe chetu ni ubao mmoja juu ya mawe mawili, mtaani Ndia Kuu, mbele ya duka la Fuad la vitu vya kale. Baada ya sala ya alasiri jua huwa limeshaondoka upande wetu. Kamaludin muuza kahawa hutua dele lake, akachochea moto chini yake, na hapo hata mwenye haraka huketi. Fuad twamwita Antika. Kingi, aliyeendesha winchi bandarini miaka thelathini, ni Winchi hata kwa wajukuu zake. Mimi nashona kofia za viua, tundu kwa tundu, nakaa mwisho wa ubao kwa ajili ya mwangaza. Siku ile Mwalimu Arnold alikuja kutoka Buxton na fomu mkononi. Ni mtu wa bara, asomesha Kiswahili skuli ya hapa jirani mwaka wa kumi na nane sasa, na sisi twampenda, ingawa mtaona tulivyompenda.

Mwalimu: Jana mke wangu Emmah alinipikia kaa wa nazi, nikala mpaka nikasahau hii fomu.

Antika akakohoa. Winchi akanikanyaga mguu, nami nikainamia kofia yangu nisicheke.

Winchi: Fomu ya nini tena, mwalimu?

Mwalimu: Ya masomo ya juu. Kuna nafasi moja tu, na kesho asubuhi lazima niirudishe. Nimejaza yote, kimebaki kisanduku kimoja.

Antika: Soma tusikie.

Mwalimu: "Kuanzia leo mpaka utakapostaafu, unataka kujifunza nini?" Siku tatu naandika, nafuta. Nimesomesha miaka hii yote nikiwa nimesimama mahali pamoja, jamani. Naogopa nitastaafu papo hapo.

Antika: Hilo tu? Andika udaktari. Dokta Arnold! Ukipita hapa sote twasimama.

Winchi: Siku hizi kila mtu dokta. Andika wataka kusomea mitambo. Mambo yajayo ni haya: madarasa yatiwe ndani ya makontena. Darasa la nne laenda Lamu Jumatatu, Ijumaa larudi. Mimi ntalinyanyua kwa winchi, taratibu, hata wino haumwagiki.

Kamaludin: Na kahawa?

Winchi: Wewe kontena lako liko mbele.

Antika: Wafikiri kidogo, Winchi. Mimi naona chuo kikuu kizima, chaelea. Chatoka hapa chazunguka visiwa vyote, Pemba, Ngazija, na kila mji kikitua wapanda wanafunzi wapya. Mwalimu yuko juu kabisa na kofia yake...

Mimi: Kofia nashona mimi.

Antika: ...ya viua, yuasoma, na dunia yote yapita chini ya dirisha lake. Hastaafu. Mtu atastaafu vipi na darasa halijatia nanga?

Mwalimu alikuwa ameweka kalamu chini. Alitazama juu, kwenye ule mstari mwembamba wa mbingu ulio baina ya roshani mbili, akasema polepole, "Dirisha liwe upande wa mawio. Asubuhi nasoma, jioni nasomesha." Na mimi, nasema kweli, nililiona lile dirisha. Kila mtu alikuwa amepanda chuo chake, mvuke wa tangawizi ukitupita usoni.

Hapo ndipo alipotokea Bi. Mwanakuu, bibi yake Yumna wa darasa la nne. Alikuwa hajapata kusimama kijiweni kwetu hata siku moja. Mkononi alikuwa na daftari la mtoto.

Bi. Mwanakuu: Hamjambo, wanangu? Wewe ndiwe mwalimu wa Yumna?

Mwalimu alisimama upesi.

Mwalimu: Ndimi, bibi. Karibu.

Bi. Mwanakuu: Sikai. Nina swali tu. Mtoto ameandika, "Babu amevua khaa watatu." Umemtilia alama nyekundu hapa.

Mwalimu: Ndiyo, bibi. Tunaandika kaa. Hakuna h.

Bi. Mwanakuu: Kuandika sikujui, sibishani nawe. Lakini asema umemwambia kaa wa baharini na kaa la moto ni tamko moja. Tangu juzi yuanisahihisha mimi nyumbani. Ndipo nauliza: masikioni mwako ni mamoja?

Mwalimu: Kwani si mamoja, bibi?

Bi. Mwanakuu alionyesha moto chini ya dele. "Hili ni kaa." Kisha akaweka kiganja mbele ya midomo, pumzi ikakigonga. "Yule ni khaa."

Mwalimu alitazama moto, akamtazama mdomo. "Sijasikia tofauti," akasema.

Bi. Mwanakuu: Wanywa kahawa hapa tangu lini?

Mwalimu: Miaka kumi na minane.

Akatugeukia sisi.

Bi. Mwanakuu: Na nyinyi hamkumwambia?

Tungemwambia kwamba miaka yote hiyo, kila akitusifia kaa wa Emmah, sisi twasikia mtu ala makaa ya moto kwa nazi, na twaenda nyumbani na kicheko hicho? Niliona haya mpaka nikajidunga sindano. Mwalimu alitutazama mmoja mmoja, akaishia kwa Antika.

Mwalimu: Kumbe kile kikohozi si kifua, Fuad.

Antika hakuinua macho. Nilidhani mwalimu atakunja fomu yake aende zake, na ningekuwa mimi ningekwenda. Yeye alitoa kitambaa, akapangusa ubao.

Mwalimu: Kaa, bibi.

Bi. Mwanakuu: Hiyo umeipata.

Akaketi. Kamaludin aliinamisha dele, likatoa tone moja. Kahawa imekwisha, na hakuna aliyeondoka.

Winchi: Mwalimu, na kisanduku?

Mwalimu: Nijazie wewe. Andika nataka kusikia.

Winchi: Kusikia nini?

Mwalimu aliweka kiganja mbele ya midomo kama alivyoonyeshwa.

Mwalimu: Tena, bibi.

Bi. Mwanakuu: Khaa.

Mwalimu: Kaa.

Lilitoka la moto. Safari hii hakuna aliyekohoa.