Mzigo Uliosimama Njiani

Ndugu zangu, sifa ni za Bwana, na leo nimesimama hapa kwa sababu yake. Masomo sina. Niliacha shule nikiwa mdogo, nikashika kinga, ile baiskeli ya mizigo, nikasukuma mafuta ya mawese kutoka Kibombo mpaka hapa Kindu. Nyumba yangu ya matofali kule Kasuku njo ilitoka kwenye kinga hiyo. Hakuna aliyenipa hata msumari.

Kazi nilifundishwa na baba mdogo. Sisi watu wa kinga, ukichoka unaegemeza mzigo kwenye fimbo kando ya barabara, unashuka mtoni kuoga. Hakuna anayegusa. Siku moja, mimi mtoto, niliona bidoni, yale madumu ya mafuta, zimesimama peke yake, nikapeleka mkono. Baba mdogo akanishika sikio, akanikalisha chini kando ya ule mzigo, naye akakaa. Tukangoja mpaka mwenyewe akatoka mtoni, nikamsalimu. "Muzigo uliosimama iko na mwenyewe," baba mdogo akasema. Hakunipiga. Neno lile liliniingia mwilini.

Kisha vita ikaja. Wengine wenu mlikuwa bado tumboni. Watu walikimbilia porini, sufuria ikabaki motoni. Mwanangu Musafiri alikuwa mdogo, mwepesi kama panya. Akaturudia na sufuria ya muhogo. Nikamuuliza ni ya nani.

"Papa, mwenyewe haiko."

Nikacheka. Nikampa kipande kikubwa kuliko wenzake, nikasema mbele yao, huyu njo mwanaume. Mama Feza, mke wangu, akampigia vigelegele. Ndugu zangu, simhukumu mtu kwa alichokula siku ya njaa. Lakini vita ilipopoa, hakuna mtu nyumbani kwangu aliyemkalisha yule mtoto chini na kumwambia kwamba wenye mali wamerudi.

Akawa kijana. Kuku wa jirani wakapotea, kisha redio, kisha akapata wenzake sokoni na vitu vikubwa vikaanza kupotea. Mama Feza akasema ni pepo wa wizi. Tulifunga, tukaomba, akawekewa mikono mpaka kichwa kikachoka. Anatoka kanisani mchana, jioni simu ya mtu haionekani. Nilimpiga pia. Alizoea fimbo kama punda.

Basi siku moja wakaja kuniita mbio. Musafiri ameshikwa sokoni na kinga ya Papa Ramazani, mtu wa Kibombo, imejaa bidoni. Ilikuwa imesimama njiani. Nilipofika, uso wa mwanangu ulikuwa damu, na mtu ameshika chupa ya petroli. Mama mmoja muuza samaki akanitazama.

"Papa wa matofali, umefuga simba ndani ya nyumba, sasa unakuja kutuomba kamba?"

Nilimpita. Nilimuuliza mwanangu kwa nini.

"Papa, mwenyewe haikuwa pale."

Ndugu zangu, haikuwa jeuri. Aliniangalia vilevile kama siku ya ile sufuria, kama mtu anayengoja kipande chake. Hapo Bwana akanifungua macho. Pepo hakuwepo. Alikuwepo mtoto aliyeshika vizuri sana somo tulilompa.

Nikakaa chini. Mimi, na suruali yangu ya Jumapili, kwenye matope ya samaki, kando ya ule mzigo. Nikamvuta Musafiri akakaa. Nikawaambia watu, tunangoja mwenyewe. Kijana mmoja akacheka, "Muzee amechoka akili." Lakini nani atamwagia petroli mzee aliyekaa chini? Niliomba kimya. Jua lilituchoma sana.

Papa Ramazani akafika kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Muzee, unafanya nini chini?"

"Nachunga muzigo wako."

Akaangalia bidoni zake, akamwangalia mwanangu, akaangalia ile chupa. Yeye ni Mwislamu, mimi Mkristo, lakini sote watu wa kinga.

"Basi asimame ausukume," akasema. "Mimi miguu imekwisha."

Musafiri akasukuma, damu inamkauka usoni. Watu wakatupisha.

Haikuisha siku ile, nisiwadanganye. Tulimtia kwenye kazi ya kinga, njia ya Kibombo, mimi mbele, Ramazani nyuma. Kuna siku alirudi na jembe la mtu, tukarudi naye shambani, tukakaa chini, tukangoja mwenye jembe. Tulikaa chini mara nyingi.

Leo Musafiri ana kinga yake na watoto wake. Juzi Papa Ramazani aliegemeza mzigo kwenye ua wetu, akaenda kuswali bila kutuambia kitu. Mjukuu wangu wa kike akaenda kuchezea kifuniko cha bidoni. Nikataka kupaza sauti. Musafiri akaniwahi. Akamshika mtoto mkono, akamkalisha chini kando ya mzigo, naye akakaa.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyeniokolea mwana bila kumtoa pepo yeyote. Mwenye kijana aliyepotea asikate tamaa. Mwamini Bwana, kisha ukae chini na mtoto wako, hata kama ni matopeni, mpaka mwenyewe afike.