Ubatizo wa Mama yake Kalala

Asubuhi moja ya baridi, mwaka 1957, kamyo ya misheni ilitoka Kolwezi imejaa watu. Katekista Polycarpe alikuwa amefumba macho, si kwa usingizi, bali ili asiulizwe kitu. Mbele yake Kalala, mchimbaji kutoka Kasai, alikuwa amempakata binti yake mchanga akimpeleka kubatizwa. Alimwita "mama", kwa kuwa mtoto alipewa jina la marehemu mama yake Kalala, Tshibola.

"Mama alikufa kule Kasai bila kubatizwa," Kalala alimwambia jirani yake, Odile, muuza samaki asiyemjua. "Leo atabatizwa."

"Ni mutoto ndiye atabatizwa, tata. Mama yako hapana."

"Huyu ni mama. Angalia vile ananikunjia uso."

Kweli, mtoto alikuwa amekunja uso.

"Padri hatakubali."

"Padri ataniuliza jina, nitasema Tshibola. Mi sitadanganya mtu."

Polycarpe aliipitia katekisimu yote kichwani. Alipofika mwisho, akazidi kufumba macho.

Kamyo ikasimama mbele ya kanisa. "Mama, tumefika," Kalala akasema.

Odile alisonya, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akamfunika mtoto. "Mi sikubali," alisema. "Lakini maji ya padri ni baridi, na mama yako ni muzee."