Sahani ya Mashine Yetu na Bega la Jirani

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Kamati ya Maji, majirani, na wateja mliokuja kudai kazi zenu mkaambiwa kaeni kwanza:

KARIBU

Sisi mafundi wa karakana hii tunakukaribisha kwa mikono miwili, ingawa hatukukupa hata mmoja kwa sababu ya grisi. Kiti ulichokalia kimefutwa. Ukuta usiuegemee.

TULIKOTOKA

Mashine yetu ya kukereza vyuma ni ndogo, inakaa mezani. Pampu ya mtaa ilipoharibika, kifuniko chake kililetwa hapa kisawazishwe uso. Kilikuwa kipana kama sinia, taya za mashine zikashindwa kukishika. Kilichohitajika ni sahani, yaani duara la chuma linalozunguka na mashine, ambalo kazi pana hufungwa juu yake kwa bolti. Hatukuwa nayo, na mtaa mzima ulikuwa na ndoo kichwani.

Fundi mkuu wetu, Milimita, akachomelea bamba la chuma kwenye nati kubwa, akalifunga kwenye mashine. Alipowasha, bamba liliyumba kama bwana harusi asiyejua kucheza. Mashine ikaanza kutembea juu ya meza. Sisi tukatoka nje, tukamwacha fundi mkuu na cheo chake.

MAFANIKIO

Ndipo tukamwendea jirani yetu Kifua, mnyanyua uzito. Fimbo yake ilikuwa na duara zito la chuma kila upande.

"Tupe moja," tukamwambia.

"Na upande wa pili?"

"Huo utabaki nao."

"Sasa nitanyanyuaje?"

"Mama yako ananyanyua ndoo, wala hajauliza."

Akatoa. Tukalifunga shingo yenye nyuzi kama za bolti, ya kuingia kwenye mashine, tukalikereza uso likizunguka papo hapo ili likae sawa, tukakata mianya ya bolti. Lilizunguka kimya kabisa. Milimita alitokwa machozi akasingizia moshi, na hapakuwa na moto. Kifuniko kikasawazishwa, pampu ikafungwa, na ndoo ya kwanza kujaa ikawa ya mama Kifua.

CHANGAMOTO

Kifua hakuacha mazoezi. Hunyanyua upande mmoja hadi leo, na matokeo mnayaona: bega la kushoto la bondia, la kulia la karani. Mchumba wake humwambia, "Simama wima, mpenzi," naye amesimama wima.

MAOMBI

Kwanza, kamati impatie Kifua chuma kingine. Tafadhali akipokee kwa mkono wa kulia.

Pili, tumesikia ninyi wa kamati mnataka sahani yetu ikawekwe kwenye kabati la kioo ofisini, watu waitazame. Ahsanteni, lakini tunaomba ibaki hapa ichafuke. Pampu haijaapa kwamba haitaharibika tena.

Tatu, hotuba yako iwe fupi. Hivi tunavyosoma, juu ya sahani kimefungwa kinu cha kusagia nyama, na mwenyewe anakitaka kabla ya chakula cha jioni. Alikivunja kwa kukitumia kupigilia msumari. Ametusihi tusimtaje, nasi hatumtaji. Tunasema tu kwamba ndiye atakayekupikia leo.

Mungu akuzidishie afya na subira, na bomba la nyumbani kwako lisikauke.

Ni sisi,
Umoja wa Mafundi Vyuma wa Uani.
Imesomwa na katibu, aliyechaguliwa akiwa hayupo.