Vibuyu Viwili vya Ludara

Sogeeni, wanangu, Gaspard kulia na Odile hapa penye mto wa kulalia, maana sauti yangu haivuki tena hata kizingiti, na haya nitakayowausia mimi mama yenu Scholastique sitaweza kuyarudia.

Mnaiona miguu hii ilivyojaa. Ilijaa hivihivi nilipokuwa na mimba yako, Gaspard, kule Ludara, na bibi yenu Ocokoru, mama mkwe wangu, akaitazama akafurahi, akasema, "Huyu iko na mapacha," kwa kuwa pale nyumbani kwake mama akivimba huhesabiwa amebeba wawili, akatayarisha vibuyu viwili vya maziwa, akaita wapiga ngoma, na kila jioni akanipikia samaki wa chumvi ili nipate nguvu ya kuwanyonyesha wote. Kichwa kikaniuma, macho yakaona cheche, nikaambiwa huo ndio uzito wa baraka. Kisha nikaanguka kwa kifafa cha mimba, nikabebwa kwa lori la tumbaku hadi hospitali, nikazinduka nina mtoto mmoja tu. Wajomba zenu wakatoka Aru, wakavuka mpaka pale Vurra, wakasema mama mkwe ameniloga. Hakuniloga. Alinipenda kwa jinsi alivyojua, na chuki ile naizika leo. Asiifufue mtu kwenye matanga yangu.

Uvimbe ukaisha. Nikasema nimepona, kama unavyosema wewe, Odile, tangu ujifungue mwaka jana kwa taabu ileile. Nikauza vitenge sokoni Arua, nikabeba mizigo, nikacheka na watu. Kumbe moyo haukusahau. Mkunga Natalina aliponipima presha mwaka huu, aliniuliza kwanza, "Mama, mimba zako zilikwendaje?" Nikashangaa: naulizwa habari za mimba nami nina mvi? Akanieleza kwamba mama aliyepandwa na presha akiwa mjamzito, moyo wake unaweza kuendelea kuubeba mzigo ule hata mtoto akishaota ndevu. Wanangu, nililala nikiusikiliza, nikamwogopa Mungu. Kipande cha nyama kisichozidi ngumi kilikubeba wewe, Gaspard, kikanibeba na mimi, kikanyamaza miaka yote hiyo, hakikudai hata pole. Sijaona kazi ya Mungu iliyo kubwa kuliko hiyo, na nimeijua wakati siwezi tena kuitunza. Siku hizi chumvi imeadimika madukani na watu wote wanalia; moyo wangu peke yake, uliokatazwa chumvi, ndio unaoshangilia.

Sasa mali. Nyumba hii ni ya Gaspard, ndivyo desturi ilivyo. Lakini chumba cha mbele ni cha Odile. Najua, Gaspard, binti aliyeolewa Koboko hapewi chumba kwao, na mkeo ameshapima dirisha lake kwa ajili ya pazia. Alishone tu, litamfaa wifi yake. Odile atakuja kila mwezi, awe na mimba au asiwe nayo, alale hapo, asubuhi aende kwa Natalina akapimwe, na asiache hata nywele zake zikigeuka kama zangu. Usiniambie huumwi, binti yangu. Mimi pia sikuumwa. Presha haipigi hodi.

Nipeni maji... kidogo tu. Vile vibuyu viko juu ya kabati. Chukua kimoja, Gaspard. Hicho kingine kilimngoja pacha wako miaka yote, nami nikakitunza bila kujua ni cha nani. Mpe dada yako. Kwa mkono wako, nione. Haya. Leo mmezaliwa pamoja, na pacha hamfungii pacha mwenzake mlango.

Mungu awape... awape miaka mingi, na vifua vyepesi. Odile, weka mkono hapa kifuani. Unausikia? Bado unafanya kazi, maskini. Mimi nimechoka kusema. Uambieni nyinyi... uambieni ahsante. Kazi imetosha.